Njia Moja, Treni Tatu

Daftari lina jalada la bluu, na mistari nimeichora mwenyewe kwa rula: tarehe, saa, kiasi, maelezo. Miaka 31 nilikuwa shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, katika reli ya Katanga, huku Kongo, na mkono ukishazoea kuandika treni imeingia saa ngapi na imetoka saa ngapi, hauachi hata baada ya pensheni. Siku hizi ninachoandika ni mkojo. Usiku wa tarehe 9 Julai mwaka jana unasomeka hivi: 23.40, 1.15, 2.50, 4.05, 5.20. (Reli haikujua saa za Kiswahili, nami sijui tena kuandika saa kwa namna nyingine.) Mara tano. Julai Lubumbashi ni baridi kavu, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye shuka, na choo chetu kiko nje, ng'ambo ya ua, nyuma ya mwembe.

Kwenye mstari wa 2.50 kuna maelezo kwa mwandiko wa mke wangu: "Ameanguka."

Nilianguka kama gunia. Niliamka haraka, nikafika mlangoni, macho yakaingia giza. Mke wangu alinikuta nimekaa kwenye kizingiti, ndara moja mguuni, ya pili sijui ilirukia wapi. Hakuuliza kitu. Alileta taa, halafu akaleta daftari.

Wakati huo nilikuwa na miaka 72 na magonjwa mawili ninayoyajua. Sukari, miaka 14. Na moyo: kwanza ilikuwa presha, ambayo sisi huku tunaiita tansioni, halafu ekografia, picha ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha kwamba moyo umechoka kusukuma damu. La tatu nilikuwa nalo bila kulijua vizuri. Daktari wa kliniki moja mjini alikuwa amenisikiliza dakika tano, akasema "prostati ya wazee", akaniandikia tamsulosini, nikalipa, nikaondoka. Hakupima damu wala hakuuliza kuna dawa gani nyingine nyumbani.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mzee wa dispensari ya mtaa wetu, huku Katuba, mama anayevaa sweta tangu Juni hadi Agosti na ambaye hana haraka. Alilisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Nilijisikia kama siku ile inspekta alipokuja kituoni kukagua rejista.

"Papa, hii dawa ya kukojolesha, unakunywa saa ngapi?"

"Jioni, pamoja na zingine. Ili nisisahau."

"Njo vile. Unakunywa dawa ya kufukuza maji, halafu unaenda kulala. Maji yatoke saa ngapi?"

Akanieleza, na hadi leo sijapata maelezo bora. Sukari ikipanda kwenye damu, figo zinaimwaga pamoja na maji, kwa hiyo mtu anakojoa sana na ana kiu sana. Furosemidi ya moyo kazi yake ndiyo hiyohiyo, kutoa maji. Na prostati, yaani tezi dume, ikivimba inabana njia, kibofu hakimaliziki, kinarudi kuomba ruhusa baada ya saa moja. Wezi watatu wanapita mlango mmoja, na mimi nilikuwa nimemshika mmoja tu. Kuhusu kuanguka: tamsulosini inalegeza shingo ya kibofu, lakini inalegeza na mishipa ya damu kidogo, ukiiweka juu ya enalaprili ya tansioni, halafu mzee akaamka kama kijana, damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Tangu siku ile nakaa kwenye ukingo wa kitanda, nahesabu hadi thelathini, ndipo nasimama.

Furosemidi ikahamia asubuhi. Katika wiki moja mara tano zikawa tatu. Yule mama akatazama daftari tena, akagonga mistari mitatu iliyobaki kwa ukucha. "Hizi sasa ni za prostati. Uende wapime damu."

PSA ikatoka 18. Watu wengi wanajua kwamba zaidi ya 4 ni ya kutazamwa, na kwamba namba hiyo ni protini inayotoka kwenye tezi dume. Wengi hawaambiwi kwamba inapanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzee, kwa maambukizi, hata kwa kuwekewa sonda, yaani mpira wa mkojo. Kwa hiyo 18 ni kengele tu. Ugonjwa wenyewe unathibitishwa kwa biopsi, yaani kuchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano na kuvipima. Nilipofika kwa biopsi, wakapima sukari kidoleni: 286. Wakanirudisha nyumbani. Sindano ile inapitia njia ya haja kubwa, na mtu mwenye sukari ya namna hiyo maambukizi yanamshika upesi. Wiki tatu nikala bukari, yaani ugali, ya ukubwa wa ngumi, na matembele kama mbuzi, ndipo nikaruhusiwa. Hapo niliona mara ya kwanza kile nilichokifanya maisha yangu yote: njia ni moja, treni ya kwanza ikikwama, ya pili inangoja kwenye gare iliyotangulia hata kama imebeba nini.

Matokeo: vipande 8 kati ya 12 vina saratani, Gleason, yaani kipimo cha ukali wake, 4+3, jumla 7. Namba hizo zinasomwa kwa mpangilio. 3+4 ni saba na 4+3 ni saba, lakini ya pili ni kali zaidi, kwa sababu namba ya mbele ndiyo iliyojaa. Gleason alikuwa daktari Mmarekani aliyetoa mpangilio wake 1966. Huo ndio mwaka mji wetu ulipoacha kuitwa Elisabethville, nami nilikuwa na miaka 14, na baba yangu aliendelea kusema "Eville" mpaka anakufa. Picha za nyonga na uti wa mgongo hazikuonyesha kitu.

Sasa yakaanza mashauri, na hapa nina malalamiko yangu.

Daktari wa upasuaji alizungumza juu ya tezi. Daktari wa moyo alizungumza juu ya moyo. Wa sukari akaniambia sukari ikae chini ya 180 baada ya kula, na nilipotaja saratani akasema, "Hiyo umuulize mwenzangu." Kila mmoja alikuwa mtu mwema na mwenye elimu. Kila mmoja alikuwa shefu wa gare yake. Na kwenye njia moja ya reli, shefu wa gare asiyepiga simu gare ya mbele kuomba njia kabla hajaachia treni, tunajua anachosababisha.

Upasuaji wa kutoa tezi yote ulifungwa mapema. Mtu wa nusukaputi alitazama ekografia ya moyo, akatikisa kichwa, na mimi sikubishana. Hata mkojo kuvuja baada ya kisu na nguvu za kiume kuisha, wanavyoonya, vilikuwa vya kijana mwingine. Hilo la pili sukari ilishaniondolea kimyakimya miaka sita iliyopita, na mke wangu na mimi tulishalizungumza tukalimaliza.

Mionzi ilinikalia kichwani muda mrefu. Jina nililopewa ni Lusaka, hospitali ya saratani iliyofunguliwa 2007. Unatoka hapa kwa gari hadi Kasumbalesa, unavuka mpaka, halafu Chingola, Kitwe, Kabwe. Safari hainitishi, reli yetu yenyewe ilifika hapa 1910 ikitokea upande huohuo. Kilichonitisha ni hesabu. Zamani mionzi ya tezi dume ilikuwa vikao 37 au zaidi, siku tano kwa wiki. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba vikao 20 kwa wiki nne, kila kimoja na dozi kubwa zaidi, haviko nyuma. Lakini iwe 20 au 37, kuna chumba cha kupanga, chakula, mtu wa kukusindikiza, na insulini inayotaka baridi. Na kuna jambo dogo nililoambiwa na mzee mmoja tuliyekuwa naye reli, aliyekwishapitia huko: kila siku kabla ya kulala chini ya mashine, unatakiwa kunywa maji na kushikilia kibofu kijae, ili matumbo yasogee mbali na mionzi. Nilicheka hadi nikakohoa. Daktari wa moyo amenipimia maji kwa kikombe. Dawa ya asubuhi inayafukuza. Na hawa wanataka kibofu kijae na mzee atulie! Si kwamba haiwezekani, saa za dawa zinahamishika, nami ni mtu wa ratiba. Lakini kati ya wote walionishauri habari za Lusaka, hakuna aliyeliona hilo.

Halafu mionzi kwa saratani ya daraja langu kwa kawaida haiendi peke yake. Inaendana na sindano za kuzima homoni ya kiume kwa miezi kadhaa. Na hapo ndipo daktari wa upasuaji alipoleta njia yake fupi: kutoa korodani. Operesheni ndogo, ganzi ya mgongoni au ya palepale, unarudi nyumbani. Bei yake haifiki hata nauli na chumba cha Lusaka. Alilisema kama mtu anayekuambia kuna njia ya mkato nyuma ya soko.

Si upuuzi. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba saratani ya tezi dume inakula homoni ya kiume, ukiikatia inalala; alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka ni uleule, 1966. Kwa mtu ambaye ugonjwa umefika kwenye mifupa, naye hawezi kununua sindano kila miezi mitatu, operesheni ile imewasimamisha wengi waliokuwa hawainuki kitandani, na sitakubali mtu aicheke. Lakini mimi picha hazikuonyesha kitu kwenye mifupa. Kuzima homoni peke yake hakuimalizi saratani iliyo ndani ya tezi, kunailaza tu. Na bei halisi iko upande mwingine: homoni ikiondoka, misuli inapungua, kitambi kinaongezeka, mifupa inadhoofika, na sukari inapanda. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru sindano hizo ziandikwe onyo kuhusu sukari na moyo. Sukari na moyo! Yaani treni zangu mbili za kwanza. Sindano ikinidhuru, inaachwa, baada ya miezi homoni kwa kawaida inarudi. Korodani hazirudishwi.

Nilimuuliza hivyo daktari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Muzee, swali lako ni zuri." Ndiyo yote.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili baada ya misa. Wanangu wawili walikuwepo, wa Kinshasa akiwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya bia ya Simba, na yaya yangu, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, alikuja kutoka Likasi, miaka 79, bado anatembea kama askari. Yaya hakutaka kusikia habari ya kisu. Yeye alileta magome kwenye mfuko wa plastiki. Sikuyadharau yote: kuna mti wa milimani, Prunus africana, ambao magome yake yanauzwa hadi Ulaya kwa wazee wa kukojoa-kojoa, na ulikatwa hovyo hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1995. Unaweza kumpunguzia mtu usumbufu wa uvimbe wa kawaida. Saratani hauiponyi. Na yale ya yaya wala sikujua ni ya mti gani. Mwenye kuyauza hupita na pikipiki na kipaza sauti, chupa moja inatibu prostati, sukari, tansioni, ngiri na mikosi ya ndoa. Nilimshukuru yaya, nikayaweka juu ya kabati, bado yako pale.

Wa Kinshasa yeye alikuwa amesoma. Alitaja utafiti mwingine wa Uingereza, wanaume 1,643 waliogawanywa kwa kura: wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa 2023. Katika makundi yote matatu, wapatao 97 kwa kila 100 saratani ile haikuwaua. Waliokufa kwa sababu yoyote walikuwa 356. Waliokufa kwa saratani ya tezi dume, 45. "Papa, unaona? Wengi wanakufa na kitu kingine."

Niliona. Lakini mimi nilisomea kusoma ratiba, na ratiba ya mstari mwingine si yangu. Wale walikuwa na miaka 50 hadi 69, karibu wote wazungu, wengi wao saratani yao ilikuwa nyepesi kuliko yangu. Sisi weusi saratani hii inatushika zaidi na mara nyingi mapema zaidi. Kwa hiyo namba zile zilinipa pumzi tu, jibu sikulipata humo. Jambo moja nililichukua, lile la "kitu kingine". Kwangu mimi kitu kingine kina jina na kina dawa kwenye kopo la biskuti.

Kopo hilo ndilo lililoamua mambo. Januari nilipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya ndani, binti mdogo, ningeweza kuwa babu yake. (Kwa wasomaji wa pwani: huku kwetu daktari tunamwita munganga, na hatumaanishi mtu wa tunguri.) Aliniambia nije na dawa zote, si karatasi, dawa zenyewe. Akalimwaga kopo mezani. Akazipanga kwa vidole, aina tisa. Akachukua paketi mbili, akazigeuza nyuma zote mbili, akanionyesha maandishi madogo: amlodipini, na amlodipini. Majina ya mbele tofauti, rangi tofauti, madaktari tofauti. Nilikuwa nakunywa dozi mbili za dawa moja ya tansioni, na miguu iliyokuwa inavimba kila jioni, tuliyokuwa tunaisingizia moyo peke yake, nusu ya lawama ilikuwa pale.

Halafu akaniuliza maswali manane, ya karatasi wanayotumia kwa wazee wenye saratani. Unakula kama zamani? Umepungua uzito miezi mitatu hii? Unatoka nje mwenyewe? Unakunywa dawa zaidi ya tatu? Ukijilinganisha na wenzako wa umri wako, afya yako ikoje? Nikamwambia wenzangu wengi wako makaburini, basi mimi ni mzima sana. Akacheka, lakini hakunipa pointi. Jumla ni 17, na aliye 14 kushuka chini anatakiwa apimwe mwili mzima kabla ya kuamua tiba. Nilipata 12.

Swali la mwisho halikuwa kwenye karatasi. "Papa, mwaka huu unataka kufanya nini?"

Nilisema nataka kupanda mahindi Novemba, mvua ya kwanza ikishanyesha, mimi mwenyewe na jembe, shamba langu liko upande wa Kipushi. Aliandika hilo. Kisha akachukua simu, mbele yangu, akampigia yule daktari wa upasuaji. Baadaye yule wa moyo. Nilimsikia akisema: "Kama tukianza homoni sasa, na sukari iko hivi, moyo uko hivi, wewe utabeba nini na mimi nibebe nini?" Sikusikia majibu. Nilikuwa natazama mkono wake ulioshika simu. Alikuwa anaomba njia.

Walichokubaliana kiko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko wake. Sukari inapita kwanza, moyo wa pili. Saratani inangoja, lakini inangoja ikiwa imetazamwa: PSA kila miezi mitatu, na masharti manne. PSA ikijizidisha mara mbili ndani ya mwaka, au maumivu ya mifupa, au damu kwenye mkojo, au mkojo kuziba, lolote kati ya hayo, tunaacha kungoja. Na moyo ukitulia, Lusaka inabaki wazi. Jirani yangu anasema nimekata tamaa. Mtu aliyekata tamaa hachomi kidole chake mara tatu kwa siku.

Agosti mwaka jana 18. Februari 17.6. Mei 19.2. Agosti 19. Sukari ya miezi mitatu, ile wanayoipima kwa asilimia, imeshuka kutoka 9.4 hadi 7.6. Wiki iliyopita PSA imetoka 22.5. Haijavunja sharti. Binti yule alinyamaza kwenye simu kuliko ninavyopenda, akasema tusifike Februari bila kukaa tena wote watatu, na kwamba moyo wangu wa sasa si ule wa mwaka jana, huenda mionzi ikawa inafaa, huenda bila sindano, huenda na sindano fupi. Tutaona. Wa Kinshasa ameshaanza kukusanya michango kwenye WhatsApp. Yaya ametuma franga kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Usiku wa kuamkia leo daftari lina mistari miwili. 1.30. 4.45. Kwenye maelezo ya 4.45 mwandiko si wangu. Nilikuwa nje, chini ya mwembe, nimesimama bila haraka.

Ameandika: "Mvua."